Canter ya tairi nne nyuma: kabla ya kununua 8.25, pima katikati

Mdogo wangu wa Bukavu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una Canter, lori dogo la Mitsubishi, ya kabini mbili, karoseri fupi, tairi mbili mbele na nne nyuma, zote 7.00R16 (7.00 ni upana kwa inchi, 16 ni kipenyo cha janti, ile ringi ya chuma). Umechoka difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, kukwaruza ule mgongo wa udongo ulio katikati ya barabara, na muuzaji amekuambia uvalishe 8.25R16 pande zote, eti zitaingia tu. Waliokujibu hapo juu wamezungumzia madigadi, yale mabati yanayofunika tairi: kata huku, nyanyua springi kule. Mimi niko Goma, hizi gari nimeziendesha na kuzimiliki miaka kumi na minne, na ninaona mmelizunguka jambo lenyewe. Nyuma kule digadi halitakusumbua. Kitakachokubana ni nafasi iliyo kati ya tairi ya ndani na ya nje.

Nililipia kulijua hilo mwaka 2016. Nilikuwa na Canter ya 7.00 kama yako, nikapata tairi nne za 7.50R16 zilizotumika kidogo, bei ya kuchekesha. Kwado wangu (fundi wa tairi) wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, akazivalisha kwenye janti zilezile za zamani, akazifunga nyuma, tukainama wote wawili kuchungulia. Kidole kimoja kilipita katikati. Tukaridhika, akala pesa yake, nikaondoka. Gari ilikuwa tupu.

Siku ya tatu nilikuwa natoka Masisi na viazi. Mvua ilikuwa imenyesha, nilikwenda polepole. Kwenye mteremko wa Mushaki kushuka Sake, konvoyeri, msaidizi wangu, aliyekuwa juu ya magunia akagonga kabini: "Papa, kuna kitu kinaungua." Mteremko ule breki ya kila mtu hunuka, basi nikasimama, nikasogeza mkono karibu na ngoma, nikaona joto ni la kawaida, tukaendelea. Tulishaipita Sake, tunaelekea Mubambiro, ndipo tairi ya ndani ya kushoto ikapasuka, na ya nje ikaanza kuvuja kabla sijaegesha vizuri. Tulipozitoa, mashavu, yaani mbavu za tairi, yaliyokuwa yakitazamana yalikuwa yamelika hadi nyuzi zinaonekana, na ndani ya janti mlikuwa na unga mweusi wa mpira ungeweza kuuchota kwa kiganja. Za upande wa kulia nazo zilikuwa njiani kwenda hukohuko. Tulilala pale na viazi vya watu, na tajiri wa viazi akipiga simu kila nusu saa.

Nilipofika nyumbani ndipo nikachukua mita, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutoa hata dola moja. Tairi ya 7.00R16 ina upana wa kama milimita 200 kutoka shavu hadi shavu. 7.50R16 ni kama 215. 8.25R16 ni kama 235. Chapa moja na nyingine hutofautiana kidogo tu. Janti zangu za zamani zilikuwa za upana wa inchi 5.50, na nilipopima kutoka katikati ya kanyagio (pale panapokanyaga barabara) la tairi ya ndani hadi katikati ya kanyagio la ile ya nje nilipata 230. Sasa fanya kutoa. Kwa 7.00 unabaki na milimita 30 za hewa. Kwa 7.50 unabaki na 15, ndicho kile kidole kimoja. Kwa 8.25 unapata chini ya sifuri: zitagusana kabla hujapakia kiazi hata kimoja, na kama janti zako ni kama zangu, muuzaji wako hajawahi kuifunga tairi hiyo kwenye janti hizo.

Hizo 15 kwa nini hazikutosha? Tairi ikibeba mzigo, shavu lake huvimba pale chini inapokanyaga. Na zikiwa mbili, ya ndani inavimba kwenda nje na ya nje inavimba kwenda ndani, zinakutana. Kuna rafiki yangu shofere aliyeniuliza: zinazunguka pamoja, kwa mwendo mmoja, zitasuguana vipi? Swali zuri. Kila kipande cha shavu kikifika chini kinajikunja, kikipanda kinajinyoosha, na jirani yake anafanya vivyo hivyo lakini hawalingani hata siku moja. Ukikata kona ndiyo kabisa. Tairi ya 7.50 inazunguka karibu mara 400 kwa kilomita moja. Kutoka Masisi hadi Goma hesabu mwenyewe. Halafu pale zilipogusana upepo haupiti, joto linakaa, na mpira wenye joto hauvumilii. Ndiyo maana watengenezaji huweka nafasi ya chini kabisa kutoka katikati hadi katikati: kwa 7.50 ni karibu 245, kwa 8.25 ni karibu 270.

Kwa hiyo nilichofanya baadaye ni kutafuta janti za 6.00. Zilitoka Kampala, saba, pamoja na ya akiba, na zilinichukua pesa ya safari tatu nzima. Hizo, zikifungwa mbili mbili, zilinipa 254 katikati hadi katikati. Kwa tairi ya 215 ninabaki na karibu milimita 39, na mzigo ukipanda bado ninaona mwanga katikati. Lakini kumbuka nafasi hiyo haitoki hewani. Tairi ya nje imesogea nje kama milimita 12 na ya ndani imesogea ndani vilevile, na kwa kuwa tairi yenyewe ni nene zaidi, shavu la ndani limekaribia springi kwa kama milimita 20. Lala chini ya gari uangalie springi, ncha za yubolti zinazobana springi kwenye ekseli, na bomba la breki. Kwangu ncha moja ya yubolti ilikuwa ndefu kupita kiasi, tuliikata.

Utaambiwa pia uweke spesa, ile pete ya chuma kati ya janti mbili, ni rahisi kuliko janti mpya. Kwenye gari hizi za Japani za zamani nakukataza. Angalia zinavyofungwa: janti ya ndani ina nati yake, na juu ya nati hiyo inafungwa nati nyingine inayokaza janti ya nje, na kila moja inakaa kwenye tundu lililochongwa duara kama kikombe. Ukiweka pete katikati, nati ya nje haikai tena kwenye kikombe chake kama ilivyokusudiwa na inashika nyuzi chache za stadi, ile bolti inayobeba nati. Nimeona gari Rutshuru imeachwa na tairi zake mbili, zimetangulia mbele zenyewe. Na hapohapo: ukitaka kukaza nati ya ndani, legeza kwanza ya nje, vinginevyo unajidanganya. Upande wa kushoto nyuzi zimekwenda kinyume, vijana wengi wamevunja stadi kwa kutojua hilo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kaza tena.

Turudi kwenye difu yako, maana ndiyo iliyokuleta. Tairi kubwa hunyanyua difu kwa nusu tu ya ulichoongeza, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu. 7.00R16 ina kimo cha kama milimita 775, 7.50 kama 805. Tofauti ni 30, wewe unapata 15. Ndiyo, milimita kumi na tano, unene wa kidole chako hichohicho. 8.25 ina kama 860, ingekupa 42, na ninaelewa kwa nini inakutamanisha. Kunyanyua springi hakukusaidii hapa hata kidogo, kwa sababu difu iko chini pamoja na tairi. Kinachopanda ni karoseri, na viazi vyako vinaanza kuyumba.

Ukipanda kimo unalipa kwingine. Kwa 7.50 kila mzunguko unakupeleka mbele karibu asilimia 4 zaidi, kwa hiyo gia zote zimekuwa ndefu kwa kiasi hicho. Mshale ukisema 60 uko kwenye 62, hilo si kitu. Kwa 8.25 ni asilimia 11: mshale ukisema 60 unakimbia karibu 67, na mlima uliokuwa unaupanda kwa gia ya pili unaurudisha ya kwanza. Huku kwetu tuko mita 1500 juu ya bahari tukiwa bado mjini, Masisi ni juu zaidi, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa tayari inatafuta pumzi. Klachi ndiyo itakayolia kwanza. Na breki ileile, ngoma ileile, sasa inashika tairi ndefu, kwa hiyo nguvu inayofika chini imepungua kwa kadiri hiyohiyo. Kwa 4 nilizoea ndani ya wiki. Kwa 11 kwenye mteremko wa Mushaki na tani tatu nyuma, mimi sipandi gari hiyo.

Mbele ni rahisi zaidi lakini usipite bila kuangalia. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, gari ikiwa na mzigo, uone kama tairi inagusa springi au fimbo ya usukani. Na kama Canter yako inavuta mbele na nyuma, zote sita ziwe kimo kimoja, hakuna mjadala, utaua giaboksi ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Kuna jambo watu wa Goma tunalikosea kila siku, kununua tairi moja moja. Leo unafunga mpya ndani, kesho ya nje inabaki iliyolika. Zile mbili zimefungwa kwenye ekseli moja, lazima zizunguke sawa. Ile ndefu inabeba mzigo mwingi na ile fupi inaburuzwa. Kwa tairi za kadiri yetu tofauti ya kimo isizidi milimita 6 hivi. Pima kwa kamba ukizungushia kanyagio, kisha gawanya urefu wa kamba kwa 3.14 upate kimo, usipime kwa macho. Upepo nao ni hivyohivyo: ya ndani ikipungua upepo hutaiona, maana ya nje inaisimamisha, na unaendelea kuendesha tairi moja ikijikaanga. Nunua valvu ndefu ya tairi ya ndani, inayofika nje kwenye tundu la janti, ili usiwe na uvivu wa kupima. Wale wanaogonga kwa nyundo kusikiliza mlio wanajua tairi iliyokufa kabisa, iliyopungua robo hawaijui.

Halafu mawe. Bukavu mna matope na milima, sisi tuna lava. Sehemu ya mji huu imekaa juu ya kile volkano ya Nyiragongo ilichomwaga tarehe 17 Januari 2002, na mwaka 2021 ilishuka tena hadi Buhene ikakata barabara ya Rutshuru. Jiwe la lava lina makali kama chupa iliyovunjika. Nafasi ya katikati ikiwa pana kama yangu ya sasa, jiwe la ukubwa wa ngumi linaingia na kukwama, linakula mashavu mawili kwa pamoja, au siku moja linachomoka na kuvunja kioo cha aliye nyuma yako. Konvoyeri wangu ana kipande cha nondo kwa kazi hiyo tu, kila tukisimama anachungulia. Kabla sijabadilisha janti mawe makubwa hayakuwa yanaingia, nakiri.

Ubavuni mwa tairi utaona namba mbili zenye mkwaju, mfano 122/118 kwenye 7.50R16 nyingi. Ya kwanza ni ikifungwa peke yake, kilo 1500. Ya pili ni zikiwa mbili, kilo 1320 kila moja. Nyuma unasoma ya pili. Muuzaji atakusomea ya kwanza.

Jamaa mmoja hapo juu ameuliza kuhusu pikapu za Marekani za tairi nne nyuma, kama Ram 3500 au Silverado 3500HD. Nyingi zinakuja na 235/80R17, kimo kama milimita 808, na hesabu ni hiihii: upana mpya dhidi ya nafasi ya katikati. Huko wanauza janti zenye nafasi zaidi kwa ajili hiyo. Kuzipata Goma ni hadithi nyingine.

Ningekuwa wewe, kwanza ningejiuliza kama shida ni kimo au ni kushika. Kwa matope, 7.00 mpya zenye meno makubwa pamoja na minyororo zimenitoa mahali ambapo 7.50 laini ilinilaza. Ikiwa kweli ni difu, basi 7.50 kwenye janti za 6.00, zote sita na ya akiba, na hiyo 8.25 umwachie muuzaji wako. Ukishafunga, paka chaki mashavu yanayotazamana, pakia mzigo wako wa kawaida, zunguka kilomita tano na kona zake, kisha chungulia. Chaki ikifutika, zinagusana, toa siku hiyohiyo.

Tuandikie hapa upana uliochongwa kwenye janti zako na ulichopata katikati hadi katikati. Kama ni 6.00 tayari, umeokoa pesa nyingi.