Udzungwa kwa siku moja, na picha za maporomoko ya Sanje

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kwa maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, Tanzania. Inatosha kabisa, ila ulale Mang'ula usiku wa kuamkia safari. Kutoka Mikumi utapita kijiji cha Sanje kabla ya Mang'ula. Usishuke hapo, maana malipo na mwongozaji unavipata makao makuu ya hifadhi, kule Mang'ula, kisha ndiyo mnarudi nyuma. Na usitarajie gari la kukuzungusha porini kama hifadhi ya Mikumi. Udzungwa ni miguu tu.

Mzunguko wa Sanje ni kama saa nne, zaidi ukiwa mtu wa kamera. Maji yanashuka takriban mita 170 kwa ngazi tatu, na ukifika juu unaliona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yamelala chini. Mandhari hiyo ipige mapema kabla ukungu wa joto haujapanda.

Kwa maporomoko yenyewe, jua kali ni adui: kwenye picha maji yanaungua meupe, miamba inabaki giza. Subiri wingu, punguza kidogo mwanga wa picha kwenye kamera ya simu, na kitambaa kikavu kiwe mfukoni kwa sababu manyunyu yanafika hadi kwenye lenzi. Mbega wekundu wa Iringa wanapenda kukaa juu sana. Simu haitawapata, wafurahie kwa macho.

Machi hadi Mei njia inateleza vibaya. Juni naona ndiyo bora, mvua zimepungua na maji bado mengi. Beba nguo ya kuogelea pia, yale madimbwi hayakatazi.