Chini 15 imenikatalia

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mstaafu, naishi Tanga, na kila asubuhi hununua gazeti kwa ajili ya fumbo la maneno kuliko kwa ajili ya habari. Fumbo la Jumanne iliyopita limenishinda kwenye kona moja tu. Kulia 17 iliuliza "Chombo cha kupepetea nafaka", herufi nne, nami nikaandika UNGO bila kusita. Chini 14 ilisema "Vitengenezwavyo kwa mti", herufi nne, nikaweka VINU, na ile N ikakutana vizuri na N ya UNGO. Shida ni Chini 15, "Hutangulia ngurumo", herufi tano: herufi yake ya tatu inaangukia kwenye G, na sioni neno lolote la Kiswahili litakaloikubali. Je, mtungaji amekosea, au nimekosea mimi?

JIBU: Marahaba. Mtungaji hajakosea. Wewe umekosea, tena kwa namna inayowapata hata wazoefu: umeweka majibu mawili yasiyo sahihi, nayo yakatoleana ushahidi. UNGO ilisema VINU ni kweli, VINU ikasema UNGO ni kweli, nawe ukawaamini mashahidi wawili waliokuja pamoja. Chini 15 ndiyo iliyokuwa ikikwambia ukweli. Kitangulizi cha ngurumo chenye herufi tano ni UMEME (radi ina nne), na herufi yake ya tatu ni E. Sasa kulia 17 ni neno la herufi nne lenye E mahali pa tatu, nalo ni UTEO, ndugu yake ungo, ambao vijana wengi wa mjini hawaujui hata kwa sura. Ukishaandika UTEO, Chini 14 inapata T badala ya N, na vinu vinageuka kuwa VITI.

Mtungaji alikutega makusudi, na nakiri kwamba mtego ni mzuri: ungo na uteo vyote vina herufi nne, vyote vinaanza kwa U na kuishia kwa O. Ndiyo maana nawashauri wasomaji kwamba neno linapokataa kabisa, wasilihangaikie lenyewe, bali wafute kwanza majirani zake, hasa yale waliyoyaandika kwa haraka bila kuwazia neno la pili linaloweza kutosha. Tumia penseli laini na uandike kwa mkono mwepesi, maana karatasi ya gazeti huvumilia ufutio mara moja, na mara ya pili hutoboka.

Kwa kuwa umeniandikia kuhusu fumbo la Kiswahili, acha nikae kidogo kwenye msaada ambao lugha yenyewe hutoa bure. Kidokezo chetu mara nyingi hubeba ngeli ya jibu. Kilipoanza na "Vitengenezwavyo", kilikuwa kimekwisha kukupa VI kabla hujafikiri lolote, na kingesema "Hutengenezwa kwa mti", jibu lingeweza kuwa mtumbwi, meza, mwiko au mlango. Kiambishi hu- hakina ngeli, na mtungaji mjanja hukipenda kwa sababu hiyo hiyo; angalia alivyokitumia kwenye "Hutangulia ngurumo". Jihadhari pia na viumbe wenye uhai, kwa maana "Arukaye mauani" hukupeleka kwenye majina yanayoanza kwa M, ilhali jibu ni kipepeo, mwenye umbo la ki- na upatanisho wa a-.

Kisanduku cha mwisho nacho kina siri yake. Takriban maneno yetu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukiona konsonanti imekaa mwishoni mwa jibu lako, shuku neno lililokatiza hapo. Kitenzi chenye asili ya Kibantu huishia kwa A, na kama A haikai, tafuta miongoni mwa vile vilivyotoka Uarabuni, kama vile jibu, rudi, fikiri na samehe. Q na X hazimo katika alfabeti yetu, na C haitembei bila H nyuma yake. Kuna jambo moja tu ambalo huwagombanisha wachezaji, yaani kile kibainishi cha ng'. Kwa kawaida hakipewi kisanduku, kwa hiyo ng'ombe huchukua visanduku sita, na matokeo yake ni kwamba ng'oa ya kung'oa mti na ngoa ya wivu huonekana sawasawa kwenye jedwali. Ukikwama kwenye NGO, jaribu kuisoma kwa matamshi yote mawili.

SWALI: Mwalimu, habari za siku nyingi? Ninaishi Minneapolis, na wakati wa mapumziko kazini najaribu fumbo la New York Times ili kunoa Kiingereza changu. Jumatatu ninamaliza, Jumanne ninapumua kwa shida, na ikifika Alhamisi nakuwa kama mtu asiyejua kusoma. Mbona uwezo wangu unapanda na kushuka hivi?

JIBU: Kinachopanda ni fumbo, dada yangu, uwezo wako uko pale pale. Wahariri wa gazeti hilo huongeza ugumu kwa makusudi kadiri wiki inavyosonga, kuanzia Jumatatu lililo jepesi hadi Jumamosi lililo gumu kuliko yote. La Jumapili ni kubwa zaidi, kwa kawaida visanduku 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, lakini ugumu wake ni kama wa katikati ya wiki. Alhamisi ni siku ya vituko: kisanduku kimoja chaweza kubeba herufi kadhaa, hata neno zima, na hakuna atakayekuambia. Ukiona jibu unalolijua kwa hakika halitoshi kwenye visanduku vyake, usijilaumu, shuku kituko.

Anza na vidokezo vyenye pengo la kujaza, maana ndivyo vyepesi. Kidokezo chenye kifupisho hudai jibu lililofupishwa, na chenye alama ya kuuliza mwishoni mara nyingi kinacheza na maana. Kidokezo kikiwa cha wingi, jibu pia ni la wingi, na hapo geuza mazoea yako, kwa sababu sisi tunaonyesha wingi mwanzoni mwa neno na Waingereza wanauonyesha mwishoni. Andika S hafifu kwenye kisanduku cha mwisho uone kama wanaokatiza wataikubali. Maneno mafupi yenye irabu nyingi, kama ERA, ALOE na OREO, yatakurudia hadi uyachoke, kwa hiyo yaweke kwenye daftari.

Usione haya kwa kuchelewa. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo la kwanza la aina hii katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, nalo New York Times lilibeza mchezo huo mwaka 1924 na halikuanza kuchapisha la kwake hadi Februari 1942.

SWALI: Mwalimu, mimi na mdogo wangu, hapa Mombasa, tunagombania gazeti moja. Yeye akikwama tu hutafuta jibu kwenye simu, nami namwambia huo ni wizi. Nani ana haki?

JIBU: Wote wawili, nusu nusu. Wazee wetu hawakuona aibu kuomba msaada: aliyeshindwa na kitendawili aliambiwa "nipe mji", akatoa Lamu au Pemba, na mtegaji akajisifu jinsi alivyokula na kunywa huko kabla ya kufumbua. Msaada ulikuwa halali, ila ulikuwa na bei. Kosa la mdogo wako ni kupata jibu bila kutoa mji. Mwekeeni sharti kwamba aombe herufi moja tu, asiombe neno zima, na kwamba kamusi ni bora kuliko simu, kwa kuwa kwenye kamusi hulazimika kupita maneno ishirini mengine kabla ya kulifikia lake.

Mimi mwenyewe juzi nilitoa mji. Kidokezo kilikuwa "Jiwe la kunolea", herufi tatu, na tayari nilikuwa na N mwanzoni. Nilijua kinoo, chenye herufi tano, na sikuwa na zaidi. Nikavuka barabara na gazeti mkononi hadi buchani, ambapo muuza nyama alikuwa akinoa kisu chake. Hakunipa jibu. Aliuliza tu, "Mwalimu, kijiji kikikua kinaitwaje?" Nikampa Kilwa nzima, nikaandika NOO.