Chozi wa Ohio?

Swali: Shikamoo Mama. Naishi Columbus, Ohio. Tangu mwezi wa tano uanze, kijidege kama chozi wa kwetu Tanga kinazunguka maua yangu ya kibarazani. Nikiwekee asali?

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo si chozi, ni ndege mvumaji. Dume ana koo jekundu linalometameta. Chozi hupenda kutua ndipo afyonze, huyu hufyonza akielea hewani, mbawa hazionekani kwa kasi. Ana gramu 3 hivi, na wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko, kama kilomita 800, bila kutua! Asali usimwekee kabisa: huota kuvu inayoweza kumuua. Koroga kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji, bila rangi. Wakati wa joto, osha chombo na ubadilishe maji kila baada ya siku 2.