Maalim, propozo yangu imerudi mara ya tatu

SUALI: Shkamoo Maalim. Mie msichana wa Chake Chake, nasoma Unguja mwaka wa mwisho, maendeleo ya jamii. Topiki yangu ni "Mchango wa kilimo cha mwani katika kuinua uchumi wa wanawake Zanzibar". Supavaiza keshanirejeshea mara tatu, na hii ya mwisho kaandika neno moja tu kwa wino mwekundu, "pana". Nikimuuliza anambia kasome. Nimesoma mpaka macho yananiuma, wenzangu washaanza kukusanya deta mie nipo pale pale chapta ya kwanza. Nifanye nini?

JAWABU: Marahaba mwanangu. Usilie, mara tatu bado, mie nishamuona aliyerejeshewa mara saba na leo ana joho lake ukutani. Supavaiza wako mchache wa maneno lakini kwa hili yuko sawa. Zanzibar ni Unguja na Pemba, wanawake wa mwani ni maelfu kwa maelfu, na wewe una miezi mitatu na nauli ya boti ya kumuomba mjomba. Utawafikia lini wote hao?

Na kuna jengine ambalo hakukuandikia. Hilo neno "mchango". Mwani unawachangia wanawake, ndio, muulize hata mtoto wa chuoni kule Micheweni atakwambia mamangu kanunua bati kwa mwani. Kama jawabu unalo kabla hujatoka nyumbani basi hapo huna utafiti, una insha. Tafuta kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui na kinakukera.

Nikupe mfano, na si lazima uuchukue. Mwani ulianza kulimwa kibiashara huko Unguja, pwani ya mashariki, mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani wetu inatoka Pemba kwenu. Aina ni mbili kubwa, spinosum na cottonii. Cottonii ndo wenye bei, na ndo huo huo unaokufa maji yakipata joto, kwa hivo wengi wameuacha wamebaki na spinosum ya bei ya chini. Sasa utakuta shehia moja, yaani eneo dogo lililo chini ya sheha, ufukwe mmoja, mama huyu kaacha cottonii zamani na jirani yake bado anaukazania. Kwa nini? Ana mashua ya kumfikisha maji ya kina ambako joto ni dogo? Anajua kuogelea, mana wengi hawajui? Ana mume au mtoto wa kumsaidia? Hilo ni suali, mana mie nimekaa hapa sijui jawabu lake na wewe hulijui. Topiki yako inakuwa sababu zinazowafanya wakulima wa mwani kuendelea au kuacha kulima cottonii, katika shehia fulani, Pemba. Shehia moja, mbili zikizidi.

Ukishafika hapo tatizo la utafiti linajiandika lenyewe. Unasema kinachojulikana, unasema kisichojulikana, unasema nani anaumia kwa kutojulikana huko, ukurasa mmoja na nusu basi. Msituanzie kwa Sayyid Said na mikarafuu, nakuombeni, nachoka.

Malengo mahsusi yawe matatu. Halafu fanya hivi, chukua penseli, kila lengo ulivutie mstari mpaka kwenye masuali ya dodoso yanayolijibu. Lengo lisilo na suali lifute. Suali lisilo na lengo nalo lifute, ndo hapo yanapoondoka yale ya "una miaka mingapi ya ndoa" ambayo mnayatoa kwenye dodoso za wenzenu.

Sampo sasa, yaani watu wangapi utawahoji. Nyote mnanakili fomula ya Yamane, idadi yote unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kiwango cha makosa unachokikubali, kipeo cha pili, sawa, lakini hiyo idadi yote mnaitoa wapi? Mnaitunga! Nenda kwa sheha na barua ya chuo, uliza shehia ina wakulima wangapi. Tuseme kakwambia 240. Kwa makosa ya 0.05 unapata watu 150, kwa 0.1 unapata 71, na tofauti hiyo ni wiki nzima ya kutembea juani kwa hivo zungumza na supavaiza kabla hujaandika. Tena suali lako likiwa ni "kwa nini" hasa, huenda akina mama ishirini ukakaa nao vizuri barazani wakakupa zaidi kuliko dodoso 150 zilizojazwa mbio mbio, na hapo Yamane humhitaji kabisa.

Na ratiba yako nimeiona ulivoituma, umeandika "wiki ya 1 na 2, kukusanya deta". Wiki ya kwanza ya nini? Weye mtoto wa Pemba unasahau bamvua? Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanatoka mbali, saa nne ya asubuhi hao unaowatafuta wote wamo baharini kwenye mistari yao ya mwani, utakuta watoto na kuku. Panga mahojiano wakati wa maji mafu, maji yasipotoka mbali, wapo majumbani. Na wakati wa bamvua shuka nao pwani ukaangalie kwa macho, hiyo nayo ni deta. Yaandike haya kwenye propozo, na uangalie Ramadhani isikuangukie katikati.

SUALI: Maalim, mie nachukua Kiswahili, propozo nimeandika "nilitumia hojaji" mwenzangu anasema nimekosea. Nani mkweli?

JAWABU: Mwenzako. Hujaitumia bado, ulitumiaje? Propozo ni nitatumia, nitahoji, utafiti utafanyika. Ukisharudi na deta ndo unageuza yote kuwa nili-, na hapo pitia ukurasa kwa ukurasa usiiachie kompyuta, mana kila mwaka napokea ripoti iliyokwisha kazi na bado chapta ya tatu inasema "mtafiti atakwenda Wete".