Maswali ya Wasomaji: Fisi Ananimalizia Sauti

SWALI: Nimo katika kikundi cha sanaa kinachozunguka shule za sekondari na igizo la nyimbo. Nimepewa wahusika watatu, yaani bibi kizee, mtoto na fisi anayenguruma, na kila mmoja ana wimbo wake. Tukimaliza onyesho la pili la siku, sauti inakuwa imekauka, na asubuhi yake naongea kwa kukwaruza. Wenzangu wananishauri ninywe tangawizi yenye asali kabla ya kupanda jukwaani, na mmoja anasisitiza yai bichi. Nifanye nini?
Mwigizaji, Temeke

JIBU: Dada yangu, kati ya wahusika wako watatu, ninayemtilia shaka ni fisi. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo iliyomo ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichopo kooni, na mwanamke anapozungumza kwa kawaida hukutana takribani mara 200 kwa sekunde. Ukikaza shingo ili utoe mngurumo, mikunjo hiyo husagana kwa nguvu na kuvimba, na ndiyo maana unaamka ukikwaruza. Ukiendelea hivyo kwa muda mrefu, vinundu vinaweza kujitokeza kwenye kingo zake, kama sugu kwenye kiganja cha mshika jembe.

Mhusika hujengwa kwa kinywa na mwili zaidi kuliko kwa koo. Chukua sentensi moja ya fisi, iseme kwa sauti yako ya kawaida, kisha irudie ukiwa umeteremsha taya, umerudisha ulimi nyuma kidogo na umechomoza midomo, bila kuongeza nguvu yoyote shingoni. Utasikia sauti imekuwa nzito, ingawa nyuzi hazijaongezewa mzigo. Kwa mtoto fanya kinyume chake: lete ulimi mbele na upanue midomo kama anayetabasamu. Bibi kizee anatambulika kwa mgongo, mwendo wa maneno na mahali anapovuta pumzi, kwa hiyo hana haja ya kutetemeshwa kooni. Mngurumo wenyewe uwekee neno moja au mawili penye kilele, na kwingineko mwachie mpiga ngoma angurume kwa niaba yako. Mwongozaji mwenye sikio zuri hatakataa. Popote unapohisi mwasho, maumivu au hamu ya kukohoa, ujue umebana.

Kabla ya onyesho na baada yake, chukua mrija, uzamishe ncha yake sentimita mbili hivi katika glasi ya maji, kisha vumisha «uuu» ukipanda na kushuka taratibu kwa dakika chache. Mgandamizo unaorudi kutoka kwenye mrija huzisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu.

Kuhusu tangawizi, kinywaji hupita kwenye umio, yaani njia ya chakula, na hakizigusi nyuzi za sauti, kwa hiyo kinaweza kukufariji koo tu. Maji yanasaidia kupitia mwilini, ndiyo maana yanywewe tangu asubuhi, si pale mlangoni mwa jukwaa. Yai bichi liache, kwani linaweza kukuletea vimelea vya kuharisha. Ninaloliogopa zaidi ni chipsi mayai ya saa nne usiku ikifuatwa na kitanda, kwa sababu tindikali ya tumbo hupanda hadi kwenye zoloto mtu anapolala ameshiba. Na mkirudi nyumbani, usishindane na muziki wa daladala. Kunong'ona kwa nguvu nako si kupumzika. Ni afadhali kunyamaza.

Kukwaruza kukizidi wiki mbili au tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Taifa Muhimbili wapo. Lakini sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, usisubiri wiki hizo wala usijikaze umalize onyesho, kwa kuwa huenda mshipa mdogo umepasuka, na hapo inakubidi kunyamaza kabisa mpaka daktari azichunguze nyuzi zenyewe.