Mizani imegoma? USIPUNGUZE SAHANI. Niulize mimi niliyepasuliwa

Dada, acha. Acha leo hii, kabla hujasoma hao wanaokupongeza hapo juu.

Umeandika una wiki ya sita unakula mayai mawili asubuhi, kipande cha kuku na matango mchana, maji ya ndimu usiku. Umeshuka kilo 10, sasa mizani imegoma kwenye 84 siku kumi na mbili, na "kocha" wako kakwambia ufute yai moja na uanze kukimbia asubuhi na jioni. Unauliza umfuate? Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Hilo yai moja niliambiwa nifute na mimi, 2021. Nadhani hawa watu wanaazimana daftari.

Nilikuwa na kilo 104. Nina duka la vifaa vya ujenzi, kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kupima misumari, kitambi kiliingia bila hodi. Nikaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la kijana mmoja mwenye kifua kama mlango wa friji. Nikatoa laki moja na nusu. Kwa hela hiyo nilitumiwa kurasa nne, mbili kati ya hizo ni picha zake hajavaa shati. Wiki tano nikashuka kilo 12. Mtaa mzima unanisifia, mke ananibana suruali kwa pini, nami nimeshaanza kutoa ushauri kwa watu. Wiki ya sita mizani ikasimama kwenye 92, kama imepigiliwa.

Nikamwandikia kocha. Jibu lake: "Unaiba chakula kaka. Kata yai, ongeza mbio." Mtu mzima, baba wa watoto watatu, naambiwa naiba chakula nilichonunua mwenyewe, na nikaona aibu! Nikakata yai. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, saa moja usiku niko barabarani tena. Huo ndio ujinga ulionigharimu. Ile diet ya mwanzo ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini kilichonimaliza ni kukata mara ya pili juu ya mwili ambao tayari ulikuwa umeshakatwa.

Ilikuwa Februari, Dar, ile Februari ambayo hata mbwa wanalala mtaroni. Mimi nasikia baridi. Nikapanda daladala la Mbagala na jaketi, zipu hadi kidevuni. Konda akaniuliza, "Mzee, malaria?" Watu wakacheka, nikacheka nao, huku meno yanagongana. Dukani mteja akiuliza bei ya nondo sita, hesabu haiji, naangalia dari. Usiku nalala na simu naangalia video za watu wanaokaanga maandazi. Mimi! Nisiyejua kuchemsha chai. Nilikuwa najua ipi ina iliki na ipi ina tui la nazi. Mke akahisi nina mchepuko, akasubiri nimelala, akapekua simu, akakuta maandazi. Hajanisamehe, anasema bora ingekuwa mchepuko, angejua pa kuanzia.

Sasa wewe umeandika "nasikia baridi usiku na nachoka kidogo, nadhani mwili unasafishika." Hausafishiki, dada. Unazima taa.

Si unajua umeme wa LUKU ukibaki uniti tatu na mshahara bado? Unachomoa friji, unazima feni, watoto wanaenda kuangalia katuni kwa jirani. Nyumba inaendelea kuishi, ila kwa kidogo. Mwili nao ndivyo. Mapigo ya moyo yanapungua, joto linashuka, hata kule kuhangaikahangaika kwa mikono na miguu unakuacha bila kujua, pa kusimama unakaa, pa kukaa unajilaza. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, inashuka. Ile ya njaa inapanda. Na mwili wa kilo 84 kwa wenyewe unatumia kidogo kuliko ule wa 94, kwa hiyo sahani ileile haiwezi kukushusha kwa kasi ya wiki ya kwanza. Tena mwili wenye njaa huwa unashika maji, mafuta yanaweza kuwa yanaondoka na mizani isiseme kitu. Siku kumi na mbili si kitu, dada. Si kitu kabisa!

Wasije wakakudanganya pia kwamba ukila kidogo unanenepa hewa. Hapana. Kuna vijana 36 kule Minnesota, Marekani, walijitolea kushindishwa njaa mwaka 1945 chini ya Profesa Ancel Keys. Wiki 24, wakapoteza kama robo ya uzito wao. Walipungua kweli. Lakini waliomba mablanketi katikati ya kiangazi, mapigo yakazorota, na wanaume wazima wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. (Niliposoma hapo nilitaka kulia. Maandazi yangu!) Na unajua walikuwa wanakula kalori ngapi? Kama 1,600 kwa siku. Hiyo ndiyo iliyoitwa njaa. Wewe na mayai yako hufikii hata nusu yake, na mtu anakwambia punguza.

Niendelee na msiba wangu. Mwezi wa nne, harusi ya binamu, nikasema leo nakula pilau. Sahani moja, na nyama ya mafuta. Saa tano usiku nikashikwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yanapanda hadi bega, natapika, nimejikunja kwenye zulia la ukumbini na shati la sare. Hospitali wakapiga utrasaundi: vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari swali la kwanza, "Umepungua uzito haraka siku hizi?" Kumbe ukishuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, hatari ya vijiwe inapanda. Ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na kwa sababu huli mafuta, mfuko haujikamui, nyongo inalala humo inaganda. Wakautoa. Milioni mbili na laki sita, sikuwa na bima. Kocha nilimtumia picha ya kovu, akaniondoa kwenye grupu.

Na uzito? Ndani ya mwaka nikawa na 107. Juu ya nilipoanzia! Njaa ilikuwa imerudi yote, matumizi ya mwili bado yako chini. Washiriki 14 wa The Biggest Loser, shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, walipimwa miaka sita baadaye, matokeo yakatoka 2016: miili yao ilikuwa bado inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Miaka SITA.

Kuhusu mbio, kwa kifupi. Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi walipimwa, utafiti ukatoka 2012. Watu wanaotembea porini kila siku kutafuta mizizi, asali na nyama. Ukishahesabu ukubwa wa mwili, nguvu wanayotumia kwa siku haikupishana na ya Wamarekani wa ofisini. Mwili unabana kwingine. Kimbia kwa ajili ya moyo na sukari, usikimbie kulipa deni la yai.

Mizani ikigoma, sahani haipunguzwi wiki tatu. Na kama uko chini kama ulivyo wewe, sahani inaongezwa, taratibu. Mimi niliongezewa na mtaalamu wa lishe wa hospitali, dada mmoja mpole asiyekuwa na kifua cha mlango: maharage, dagaa, mayai matatu (matatu!), ugali wa ngumi yangu, na kunyanyua vitu vizito mara tatu kwa wiki ili misuli isiliwe. Nikawa nashuka nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine sishuki, nanyamaza. Sasa niko 90, mwaka wa pili. Jaketi nimempa shemeji wa Njombe.

Najua uliuliza pia kuhusu dona na sembe, na ile chai ya majani ya kupunguza tumbo, na kitu gani sijui cha harusi ya Desemba. Watakuja wengine. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu: leo usiku badala ya hayo maji ya ndimu umekula nini? Kula, halafu rudi hapa uandike.