Kimbunga Kiko Upande Gani wa Madagaska?

Kila ikifika Machi, simu hujaa ujumbe wa kusambazwa: kimbunga kinakuja, Wakenya tujiandae. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea kisiwa cha Mafia, jirani yangu hapa Njoro alikuwa juu ya zizi akifunga mabati kwa waya. Sikumcheka, kwani hata serikali ilikuwa imeahirisha kufunguliwa kwa shule.

Ila kimbunga chenyewe hakifiki Nakuru. Kinaishi kwa maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 kwenda juu, na kikipanda nchi kavu huishiwa nguvu. Tena hakizaliwi kwenye ikweta, kwa sababu hapo mzunguko wa dunia hauupindi upepo vya kutosha ukaanza kuzunguka. Na ikweta ndiyo hiyo, inapita Maseno, si mbali na Kisumu mjini.

Kinachotufikia ni mvua yake, au kiangazi chake. Ndiyo maana mimi nikisikia kimbunga, jambo la kwanza nauliza kiko upande gani wa Madagaska.

Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka jinsi mishale ya saa inavyokwenda. Basi upande wake wa kaskazini, ambao ndio unaotutazama sisi, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kimbunga kikitulia mashariki ya Madagaska, kinaweza kuvuta hewa ya misitu ya Kongo ikapita juu ya Ziwa Victoria, Kisumu na Kericho, ikatumwagikia. Machi 2018 ilikuwa hivyo: vimbunga Dumazile na Eliakim vilifuatana upande ule, na masika yakaanza kwa fujo. Huku kwetu mawingu yalikuwa yakishuka kutoka upande wa Molo badala ya kupanda kutoka mashariki tulikozoea. Mvua haikukatika kwa wiki nyingi, na tarehe 9 Mei bwawa la Solai likapasuka na kuua watu zaidi ya 40.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule wa Machi, mambo yalikuwa kinyume. Idai ilizunguka katika mlango wa bahari wa Msumbiji, yaani magharibi ya Madagaska, ikapiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Unyevu ulivutwa kusini. Msumbiji ikazama, na sisi tukabaki tunatazama anga jeupe. Waliokuwa wamepanda kwenye vumbi wakitegemea mvua ya kawaida walichimbua mbegu zilizoliwa na wadudu.

Kwa hiyo usihangaike na jina la kimbunga. Fungua ramani ya upepo kwenye simu, zipo za bure, na kituo cha kufuatilia vimbunga kilichoko kisiwa cha Réunion hutoa njia ambayo kimbunga kinatarajiwa kufuata. Kikiwa magharibi, mbegu ibaki kwenye gunia hata kama imenyesha jana usiku. Mvua moja hulowesha vumbi tu. Mimi huchimba kwa jembe, nikatia mkono shimoni: chini nikikuta udongo bado una joto na unamwagika vidoleni, siendi kwa duka la pembejeo. Kikiwa mashariki, kazi ya kwanza ni mitaro. Shamba la mteremko lisiachwe limelimwa wazi bila makingamaji, na mbolea ya kukuzia isimwagwe leo kama kesho itakuwa mtoni.

Si kila gharika ni ya kimbunga, jamani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2019 yalitokana zaidi na Bahari ya Hindi kupata joto jingi upande wetu kuliko upande wa Indonesia. Watu walitafuta kimbunga cha kulaumu tu.

Kwenye nchi kame hasa ndiko kimbunga huacha alama ndefu. Mei 2018 Mekunu iliipiga Oman, na mji wa Salalah ukapata kwa siku chache maji yanayozidi mvua yake ya mwaka mzima. Oktoba ikaja Luban. Jangwa la Rub al Khali likaota majani, nzige wakazaliana huko vizazi kadhaa bila mtu kuwaona, na mwishoni mwa Desemba 2019 wakaingia Kenya kupitia kaskazini. Ndiyo sababu habari za mvua ya jangwani nazifuatilia, hata kama ni Uarabuni.

Hapa karibu, nchi kame yetu inaanza ukishateremka Mogotio. Ardhi ya Baringo ni ngumu, majani haba, mvua kubwa ikipiga haizami bali inakimbia. Marigat jua linawaka, kumbe kunanyesha milimani, na mkondo uliokuwa mchanga mtupu asubuhi unakuja na povu la kahawia likisukuma vijiti na samadi ya mbuzi. Ukiona vijiti hivyo, usiingize gari, hata kama maji yanaonekana ya kifundo cha mguu, na hata kama matatu ya mbele imepita. Mengi ya hayo hupungua kwa saa chache. Mkiwa mnangoja, waulizeni wauza asali wa kando ya barabara: wao hujua mkondo upi umejaa kabla redio haijasema.